HATUTAKI MAZIWA, TWATAKA KIPIMO



Katika toleo lililopita la gazeti letu hili halmashauri ilitangaza kwa furaha kwamba katika mapatano mapya matajiri wamekubali kila mfanyakazi wa idara ya dawa apewe paketi nzima ya maziwa kila siku, badala ya nusu paketi ya zamani. Watu walipiga makofi mkutanoni. Mimi sikupiga, na kwa kuwa wenzangu waliniuliza sababu, naomba nafasi nijibu hapa, wazi, mbele ya wote.

Nafanya kazi kwenye tangi la kubandulia, katika kiwanda cha kupaka nikeli na kromu hapa Industrial Area, Nairobi. Wasioijua kazi yetu wataniwia radhi nikieleza kidogo. Bampa la gari likichakaa, au mfereji wa maji ukitoka na malengelenge kwa kupakwa vibaya, haupakwi tena juu ya uchakavu wake. Sharti uvuliwe nguo ya zamani kwanza. Kromu ya juu hutoka katika asidi kali, ile ya hidrokloriki. Chini ya kromu kuna nikeli, na nikeli haitoki vizuri katika asidi bila kuumiza chuma kilicho chini yake, kwa hivyo kitu hicho huhamishiwa tangi la pili, lenye sayanidi na dawa nyingine ya kuisaidia, nalo hutiwa moto hata digrii 50 au 60. Katikati ya matangi hayo mawili pana tangi la maji ya kusuuzia. Hatua nne kwa mguu kutoka la kwanza hata la mwisho. Hapo ndipo nimesimama miaka kumi na mmoja.

Sayanidi kila mtu amesikia ni sumu. Lakini wengi, hata baadhi ya wasimamizi wetu, hudhani sumu ni ya kunywa tu, na kwamba asiyeionja hana la kuogopa. Sivyo. Sayanidi iliyo tangini hutulia majini kama chumvi maadamu maji yake ni makali upande wa magadi. Maji hayo yakipoteza ukali, yakaelekea upande wa asidi, sayanidi hugeuka kuwa gesi ikatoka majini. Gesi hiyo huchemka kwa digrii 26 tu, yaani joto la alasiri ya kawaida hapa petu, seuze tangi la digrii 60. Sehemu 300 hivi katika sehemu milioni moja za hewa zatosha kumwua mtu kwa dakika chache.

Basi kinachoizuia gesi ile isitoke ni ukali wa maji peke yake. Ukali huo una kipimo chake. Wenye elimu huandika pH, sisi tangini twaita kipimo. Chaanzia 0 hata 14. Maji safi ni 7. Chini ya 7 ni uchachu. Ndimu ni kama 2. Juu ya 7 ni upande wa magadi. Soda ya Magadi, ile ya kutengenezea vioo, ikiyeyushwa majini hufika kama 11. Na hapa ndipo watu hukosea hesabu. Hudhani kutoka 11 kushuka 10 ni hatua ndogo, kama kutoa shilingi moja katika shilingi 11. La. Kila namba moja ni mara 10. Kutoka 11 hata 9 si kupoteza mbili, ni kubaki na sehemu moja katika mia ya ukali uliokuwako.

Sasa tazameni sayanidi yenyewe. Kipimo kikiwa 11, katika kila sehemu 100 za sayanidi iliyo huru tangini, ni kama 2 tu zilizogeuka kuwa ile itokayo kama gesi. Kikiteremka hata 9.2, ni nusu nzima. Kikifika 8, ni zaidi ya 90. Tangi ni lile lile, dawa ni ile ile, rangi ya maji haikubadilika, wala hakuna kengele iliyolia. Namba tu ndiyo imeshuka.

Tena haishuki kwa miujiza. Hushushwa kila siku na kazi yenyewe. Kila bampa linalotoka katika asidi hubeba asidi katika mikunjo yake na katika kulabu linamoning'inia, na lisiposuuzwa vema asidi hiyo huingia moja kwa moja katika tangi la sayanidi. Hewa nayo ina kaboni dioksaidi, ambayo hula kostiki soda kidogo kidogo, usiku na mchana, hata Jumapili tukiwa nyumbani. Ndiyo maana tangi lililokuwa 12 siku ya Jumatatu haliwezi kuaminiwa kuwa 12 siku ya Ijumaa. Sharti lipimwe, na sharti liongezwe kostiki, iliyoyeyushwa kwanza kando katika maji baridi, kostiki ikitiwa ndani ya maji wala si maji kumwagwa juu ya kostiki, maana huchemka ikaruka usoni. Hakuna elimu kubwa hapo. Mtu yeyote awezaye kupima unga wa ugali aweza kujifunza kwa siku moja.

Na kipimo hicho kwetu kiko wapi? Kiko ofisini, katika mtoto wa meza, na ufunguo anao meneja. Mkemia huja mara moja kwa juma, hukitoa, huchovya, huandika katika kitabu chake, huenda zake. Kitabu hatukioni. Tulipouliza tukaambiwa kwamba hayo ni mambo ya maabara, nayo yanahusu ubora wa kazi. Na kweli, walichokuwa wakikijali ni ubora: maji yakipoteza ukali chuma huliwa vishimo, na bampa lenye vishimo mwenye gari hulikataa. Yaani kipimo kipo kwa ajili ya bampa.

Sasa nitasema lililotupata, maana bila hilo nisingeandika. Mwaka jana, katika siku za mgao wa maji, mfereji wa tangi la kusuuzia ulikauka tangu asubuhi. Maji yaliyokuwamo yalikuwa ya jana, na kufika saa nne yalikuwa yenyewe asidi. Tulimwambia msimamizi. Akasema kuna oda ya kutoka jioni, endeleeni. Tukaendelea, na hili nalikiri, maana nami nilikuwa mmoja wao. Saa nane na nusu kijana mmoja, kibarua wa mwezi wa pili, akasema kichwa chamwuma na miguu haina nguvu. Alikuwa akipumua mbio kama aliyepanda mlima. Akaanguka palepale kando ya tangi. Tulimburuta hata nje uwanjani, na kwa bahati mlango mkubwa ulikuwa wazi siku ile kwa ajili ya lori. Alipona. Mkemia alipoitwa akapima tangi, nami nilisimama nyuma ya bega lake nikaisoma namba kwa macho yangu: 9.5. Hesabuni wenyewe: karibu theluthi moja ya sayanidi iliyo huru ilikuwa imekwisha geuka.

Kijana yule aliporudi kutoka hospitali, kiwanda kilimpa paketi mbili za maziwa.

Ndiyo sababu sikupiga makofi. Maziwa nayapenda. Wazee wetu waliyapigania, tena wakati ambapo kupigania hata kijiko cha maziwa ilikuwa ni kupoteza kazi, na sitawatukana. Mwenye njaa ayanywe, mwenye watoto ayapeleke nyumbani kama wengi wetu tunavyofanya, nani asiyejua? Lakini maziwa huenda tumboni, na gesi hii huingia kwa mapafu. Haikutani na maziwa popote. Hospitali zina dawa za sayanidi: hidroksokobalamini, au nitriti pamoja na thiosulfeti, na hewa ya oksijeni. Hakuna daktari aandikaye maziwa. Basi tunapoyaandika katika mapatano chini ya kifungu cha afya na usalama, twamtilia tajiri sahihi kwamba amekwisha timiza wajibu wake, na siku ya msiba atatuonyesha karatasi hiyo. Yaandikwe chini ya chakula. Hapo sina ugomvi nayo.

Idara yetu ina watu 14. Paketi moja kwa siku, siku 6, ni paketi 84 kwa juma. Bei ya paketi hizo za juma moja tu yanunua maboksi kadhaa ya karatasi za kupimia, zile zinazobadilika rangi, na kila boksi lina karatasi nyingi. Ikiwa tajiri ana fedha za maziwa hawezi kutuambia hana za karatasi.

Nataka mjue pia jinsi kipimo hiki kilivyozaliwa, maana chachekesha kidogo. Aliyekitunga ni Mdenmarki mmoja, S. P. L. Sørensen, mwaka 1909, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Mashine ya kwanza ya kupimia iliyokuwa rahisi kutumika ilitengenezwa Marekani na Arnold Beckman mwaka 1934, na aliitengeneza ili wakulima wa California wapimiwe maji ya ndimu zao. Bia ilipimwa. Ndimu zikapimwa. Bampa letu lapimwa kila juma. Aliyesimama juu ya tangi bado.

Wapo watakaosema natia watu hofu kwa jambo lililotokea mara moja. Basi nitoke nje ya kiwanda chetu. Mwaka 1988, katika mji wa Auburn, jimbo la Indiana, Marekani, kiwanda kidogo cha kupaka madini kama chetu kilipoteza wafanyakazi 5 kwa ajali moja. Tangi lilikuwa na mabaki ya sayanidi, likasafishwa kwa asidi. Hilo tu. Kwa lugha yetu ya tangini, walilishusha kipimo.

Na huko huko Marekani, mwaka 1983, katika Elk Grove Village karibu na Chicago, kulikuwa na kampuni iitwayo Film Recovery Systems, iliyobandua fedha kutoka picha kuukuu za eksirei kwa maji ya sayanidi. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wahamiaji wa Mexico na Poland, wasiosoma Kiingereza vizuri. Mmoja wao, mtu wa Poland, alianguka kazini akafa. Mwaka 1985 jaji aliwatia hatiani wakubwa watatu wa kampuni kwa kosa la kuua. Si faini ya kiwanda, ni kuua. Mahakama ya rufani iliitengua hukumu hiyo mwaka 1990, kisha mwaka 1993 wakakiri kosa la kuua bila kukusudia. Nayaeleza haya kwa ajili ya wale wasemao ajali ni kazi ya Mungu. Jaji yule alisikia mashahidi, akaona wenye ofisi walijua.

Sasa nije kwa jambo ambalo halisemwi kabisa, nalo ni mfereji wa maji machafu. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka maji yatokayo viwandani kwenda mitoni yawe na kipimo kati ya 6.5 na 8.5. Ni kanuni njema. Mto Ngong wapita hapa hapa katikati ya viwanda, na anayeutazama ajua kwamba wahitaji kulindwa. Lakini nyapara aliyesikia nusu ya habari huchukua maji machafu ya tangi la sayanidi, yaliyo 11 au 12, akayamwagia asidi ili yafike 8 kabla ya mkaguzi kuja. Afanyapo hivyo ametii namba ya mto akafungulia gesi juu ya watu wake. Kazi hii ina utaratibu. Kwanza sayanidi iharibiwe kwa klorini, kipimo kikiwa 10 au zaidi, maana chini ya hapo hutoka gesi nyingine yenye sumu. Hapo ikiwa imevunjika, ndipo kipimo huteremshwa kwenye 8.5 hivi kumaliza kazi, na mwisho maji huenda zake. Atakayegeuza utaratibu huo kwa haraka ya mkaguzi aulizwe na mjumbe wetu palepale, mkaguzi mwenyewe akisikia. Na mifereji ya asidi na ya sayanidi isikutane chini ya sakafu, kama inavyokutana katika viwanda ambavyo ningeweza kuvitaja.

Kuna wenzetu wakongwe ambao hawanipingi kwa ubaya. Husema: sisi twajua tangi kwa vidole, yakiteleza kama sabuni ni mazima, na sayanidi tutainusa, yanuka kama lozi chungu. Wazee wangu, nawaheshimu, mmenifundisha kazi. Lakini maji ya 10 huteleza na ya 12 huteleza, na kidole hakijui tofauti ya mara mia. Kwa habari ya pua, watu wengine hawawezi kabisa kunusa sayanidi, ndivyo walivyozaliwa, na hakuna ajuaye kama yeye ni mmoja wao mpaka siku ile. Hata awezaye kuinusa, pua huzoea. Kijana wetu alipoulizwa alisema hakunusa kitu.

Meneja naye anasema mashine ni laini, ikiwekwa tangini itaharibika. Hapo ana robo ya kweli. Kijiti chake cha kioo sharti kikae chenye unyevu katika maji yake ya chumvi, na mashine isahihishwe kila mara kwa maji mawili ambayo kipimo chake chajulikana, la 7 na la 10. Kijiti kilichokaushwa hutoa namba ya uongo. Lakini ni nani anayekikausha? Kimefungiwa mezani juma zima! Kama kingekaa tangini na mtu aliyefundishwa, kingekuwa kizima kuliko kilivyo sasa.

Sheria iko upande wetu katika hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, yasema mfanyakazi aripoti kwa msimamizi wake hatari kubwa aionayo, na mwenye kiwanda asimtake arudi mahali hapo maadamu hatari hiyo ingaliko. Sheria hiyo hiyo yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wawemo. Lakini angalieni: utaripotije hatari usiyoweza kuipima? Msimamizi atakwambia, wasema ni hatari, wajuaje? Bila namba sheria ile hubaki karatasi. Na namba wamefungia mezani.

Basi halmashauri yetu irudi kwa matajiri kabla ya sahihi, na kifungu kiandikwe hivi. Tangi la sayanidi lipimwe mwanzo wa kila zamu, na tena katikati ya zamu, na kila mara maji ya kusuuzia yakikatika. Wapimaji wawe wafanyakazi wawili wa zamu ile, waliofundishwa kwa gharama ya kiwanda. Namba iandikwe kwa chaki ubaoni, kubwa, mahali ambapo hata anayepita na mkokoteni ataisoma. Chini ya 11 kulabu zitoke na kisiingie kitu, hata kostiki iongezwe na namba irudi, na atakayesimamisha kazi kwa ajili ya namba asikatwe saa yake. Mahali pa tangi moja la kusuuzia yawe mawili. Maji yakikauka, kubandua kusimame. Asidi isiwekwe ghala moja na sayanidi, na maandishi ya pipa yawe ya Kiswahili pia, kwa sababu vibarua wanaoletwa leo na kuachishwa kesho hawapati mtu wa kuwasomea.

Naomba hasa hili la vibarua lisiachwe kwa kusema si wanachama. Kijana aliyeanguka hakuwa mwanachama. Alikuwa amewekwa kwenye tangi kwa sababu hakujua la kuuliza.

Sisi wa tangini hatukungoja mapatano. Tulichangishana tukanunua boksi moja la karatasi, za kusoma kutoka 9 hata 13, na ubao tuliuomba kwa fundi seremala. Tangu majuma matatu sasa twaandika. Namba ya chini tuliyoiona ni 10.6, siku ya Alhamisi, na siku ile tuliondoa kulabu sisi wenyewe, msimamizi akatazama asiseme neno. Jana jioni ilikuwa 11.4. Leo asubuhi ubao hauna namba, maana karatasi zimekwisha, na ofisi yasema oda ya boksi la pili yangoja sahihi ya meneja, ambaye yuko safarini hata Jumatano. Maziwa yalifika saa mbili kamili kama kawaida.